Ombi Pana Mno: Tafakari juu ya Kuuliza na Kujibu kwa Uaminifu

Kijana mmoja wa usharika wetu alikuja nyumbani kwetu Jumatano moja jioni akiwa na barua mkononi. Tulimkaribisha kiti, hakuketi. Alitukabidhi ile barua akasema, "Mchungaji, isome, halafu uniambie kama hawa watu si wezi."

Barua ilitoka katika ofisi moja ya umma ambayo hatutaitaja. Kijana alikuwa ameiandikia kwa habari ya mradi wa maji wa kijijini kwao, kisima kirefu chenye pampu, ambacho kilitoa maji kwa miezi michache kisha kikanyamaza. Katika ombi lake alitaka apewe mikataba yote, risiti zote, mihutasari yote ya vikao na barua zote zilizoandikwa kuhusu mradi huo na miradi mingine yote ya maji wilayani, tangu ilipoanza. Jibu lilikuwa fupi na la adabu. Lilisema kwamba ombi ni pana mno, kwamba halitaji taarifa mahususi inayotakiwa, na kwamba kulitimiza kungewazuia watumishi kufanya kazi zao nyingine. Kwa sababu hizo limekataliwa.

Kijana alitazamia tukasirike pamoja naye. Huenda alitazamia pia tuliseme jambo hilo mimbarini Jumapili. Sisi tulikaa kimya, na kimya chetu kilimshangaza. Hakujua kwamba katika kabati letu la mafaili ilikuwamo nakala ya barua nyingine, yenye maneno karibu na hayohayo, na chini yake sahihi yetu. Habari ya barua hiyo tutaieleza mbele.

Ndugu msomaji, swali tunalotaka kulitafakari pamoja nawe ni hili: je, anayekataa ombi pana mno anatenda dhambi? Na yule anayeomba yote, je, anatenda haki? Ni swali la ofisi za serikali, lakini linamhusu kila mtu aliyekabidhiwa mali ya wengine: mtunza hazina wa kwaya, mwenyekiti wa kikundi cha kuweka na kukopa, msimamizi wa mirathi, mzee wa kanisa, mchungaji.

Haki ya kuuliza

Tuanze na lililo wazi. Mwananchi ana haki ya kuuliza. Katiba yetu ya Tanzania, katika ibara ya 18, inatambua haki ya kila mtu kupewa taarifa kuhusu mambo yaliyo muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Mwaka 2016 Bunge lilitunga Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, ambayo inaeleza namna ya kuomba na kuitaka ofisi ijibu ndani ya siku 30. Mwaka huohuo ndugu zetu wa Kenya nao walipata sheria yao, juu ya msingi wa ibara ya 35 ya Katiba yao ya 2010. Huko muda wa kujibu ni siku 21, na ikiwa uhai au uhuru wa mtu uko hatarini, ni saa 48.

Sisi Walutheri tuna sababu ya pekee ya kuziheshimu sheria hizi. Sheria ya kwanza ya namna hii inayojulikana duniani ilipitishwa nchini Uswidi tarehe 2 Desemba 1766. Iliondoa ukaguzi wa serikali juu ya maandishi ya siasa, ikampa raia ruhusa ya kupata na kuchapisha nyaraka za ofisi za umma. Mmoja wa waliolipigania sana jambo hilo alikuwa kasisi wa Kilutheri, Anders Chydenius, aliyehudumu katika usharika mdogo wa mashambani katika sehemu ambayo leo ni Ufini. Alikwenda Stockholm mwaka 1765 kama mjumbe wa makasisi bungeni. Kabla sheria haijapitishwa, yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuondolewa bungeni kwa sababu ya maandishi yake juu ya mambo ya fedha ya serikali. Akarudi kwa washirika wake, na kazi aliyoianza ikakamilishwa na wengine.

Habari hiyo inatutia moyo, lakini ina upande wa kutunyenyekeza. Sheria ile ya 1766 iliyafungua makabati ya serikali, na bado iliacha maandishi ya theolojia yaendelee kukaguliwa na viongozi wa kanisa kabla ya kuchapishwa. Kasisi alisaidia kuifungua nyumba ya jirani, na nyumba ya kanisa ikabaki na kufuli lake. Tunaomba msomaji alikumbuke kufuli hilo, kwa maana tutalirudia.

Kwa nini ofisi hukataa

Turudi kwenye barua ya kijana. Je, ofisi ile ilikosea? Si lazima. Nchi zenye uzoefu mrefu wa sheria hizi zimeona kwamba haki ya kuuliza inahitaji mipaka, la sivyo inajiharibu yenyewe. Nchini Marekani, ambako sheria ya namna hii ilitiwa sahihi mwaka 1966, mwombaji anatakiwa aieleze nyaraka anayoitaka kwa namna ambayo mtumishi anayeifahamu kazi yake ataweza kuitafuta na kuipata. Nchini Uingereza, sheria iliyotungwa mwaka 2000 na kuanza kutumika Januari 2005 iliweka kipimo cha gharama. Saa moja ya mtumishi ya kutafuta nyaraka inahesabiwa kuwa pauni 25. Wizara ya serikali kuu inaweza kukataa ombi litakalozidi pauni 600, yaani saa 24 za kazi. Kwa ofisi nyingine nyingi za umma kikomo ni pauni 450, yaani saa 18.

Ukiyatafakari maneno hayo utaona kwamba nyuma ya kila ombi yuko mtu. Anayefungua makabati ni mtumishi, pengine binti wa mshirika wetu, mwenye meza iliyojaa mafaili na foleni ya watu mlangoni. Mjane anayesubiri hati yake ya kiwanja naye yumo katika foleni hiyo. Tukimtaka mtumishi aache kila kitu kwa miezi mitatu atufanyie nakala za karatasi za miaka kumi, tumechukua saa zilizokuwa za yule mjane. Yethro alipomwona Musa ameketi tangu asubuhi hata jioni, watu wote wamemzunguka, alimwambia wazi kwamba jambo lile halikuwa jema, kwa kuwa lingemchosha yeye na watu pia (Kutoka 18). Jirani yetu ana nguvu zenye kikomo, na upendo unaikubali hali hiyo.

Tena, katika karatasi "zote" zimo siri za watu ambao hawakutukosea. Yumo mfanyakazi aliyeandika kuomba likizo ya ugonjwa. Yumo mtu aliyetoa taarifa ya uovu kwa kuamini kwamba jina lake litalindwa. Anayedai yote anadai na vya hao.

Na liko jambo la moyo wa mwombaji. Wazee walisema mtaka yote hukosa yote. Mara nyingi tunaomba yote kwa sababu hatujaketi kufikiri tunataka kujua nini. Wakati mwingine tunaomba yote kwa sababu tumekwisha kuhukumu. Tunachotafuta ni kosa lolote, la mtu yeyote, ili hasira yetu ipate mahali pa kukaa. Amri ya nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo, na Luther katika Katekisimo Ndogo anatufundisha kwamba amri hiyo inatutaka pia tumtetee jirani na kuyachukua mambo yake kwa upande ulio mwema kadiri inavyowezekana. Karani wa ofisi ya umma naye ni jirani. Kijana wetu alikuwa amewaita watu wezi kabla hajaona hata risiti moja.

Kwa hiyo tunasema bila kusitasita: kukataa ombi pana mno kunaweza kuwa jambo la haki. Lakini hatujamaliza.

Mababa zetu walipokataa kudaiwa yote

Kanisa letu lenyewe liliwahi kukabiliana na ombi pana mno, tena katika jambo la ndani kuliko yote, yaani maungamo ya dhambi. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, uliamuru kwamba kila Mkristo mwenye akili ya kupambanua aungame dhambi zake zote kwa kasisi angalau mara moja kwa mwaka. Neno gumu katika amri hiyo ni "zote". Ni nani awezaye kuzihesabu? Watu waaminifu walirudi nyumbani na hofu kwamba wamesahau moja, na kwamba kwa hiyo moja msamaha wao si kamili. Luther aliijua hofu hiyo katika maisha yake ya utawa.

Mwaka 1530, katika Ungamo la Augsburg, kifungu cha 11, mababa zetu walijibu. Walisema maungamo ya faragha na maondoleo ya dhambi yadumishwe kanisani, lakini si lazima mtu azihesabu dhambi zote, kwa kuwa haiwezekani. Walitaja Zaburi ya 19, pale mwenye zaburi anapouliza ni nani awezaye kuyatambua makosa yake. Kwa maneno ya leo, walisema ombi ni pana mno.

Ila tazama walivyofanya baada ya hapo. Katekisimo Ndogo haimwambii Mkristo kwamba, kwa kuwa haiwezekani kusema yote, basi asiseme lolote. Inamwambia kwamba mbele za Mungu tukiri kuwa wenye hatia ya dhambi zote, hata tusizozijua, na mbele ya mchungaji tuziungame zile tunazozijua na kuzisikia moyoni. Kisha inamwelekeza aitazame nafasi yake: je, wewe ni baba, mama, mtoto, bwana, mtumishi? Umekuwa mkaidi, mvivu, si mwaminifu? Umemwumiza mtu? Umeiba, umezembea, umeharibu? Swali limepunguzwa upana, na kwa sababu hiyo limekuwa kali zaidi. Mtu anaweza kusema kila Jumapili kwamba ametenda dhambi kwa mawazo, kwa maneno na kwa matendo, akarudi nyumbani bila kufikiria hata jambo moja. Lakini akiulizwa, "Ule ujira wa kibarua wako wa mwezi uliopita ulimlipa?" hana tena pa kujificha.

Hapa ndipo tunapopata kipimo. Mababa walikataa "zote" ili maungamo ya kweli yawezekane. Walikuwa wanaondoa kizuizi njiani. Anayekataa ombi pana naye aulizwe: umekataa ili jibu la kweli liwezekane, au umekataa ili usijibu kabisa?

Sheria ya Uingereza inalijua swali hilo. Ilipoiruhusu ofisi kukataa kwa sababu ya gharama, iliiwekea pia, katika kifungu cha 16, wajibu wa kumshauri na kumsaidia mwombaji. Haitoshi kusema ombi lako ni kubwa mno. Inapasa kumwonyesha jinsi ya kulipunguza ili lijibike.

Mlango wa pili

Tukio moja la nchi hiyohiyo linatusaidia kuona tofauti. Sheria ile ilipoanza kutumika mwaka 2005, mwandishi wa habari aitwaye Heather Brooke alitaka kujua jinsi wabunge wanavyotumia posho zao, hasa posho ya nyumba ya pili. Mwanzo aliomba habari za wabunge wote, ambao wakati huo walikuwa 646. Kwa upana ule ombi halikupita. Huenda msomaji atasema ni sawa. Risiti za watu 646 ni mzigo.

Basi mwandishi akapunguza. Akaomba za wabunge kumi tu, wakiwamo viongozi wa vyama. Kumi si mzigo wa kumshinda mtu. Na hilo nalo likakataliwa. Ndipo ikaonekana kwamba tatizo halikuwa upana. Shauri likaenda kwa kamishna wa taarifa, kisha kwenye baraza la rufani, na mwishowe Mahakama Kuu, ambayo Mei 2008 iliamua kwamba taarifa zitolewe. Mwaka uliofuata, kabla Bunge halijazitoa, gazeti moja lilizipata kwa njia nyingine na kuanza kuzichapisha. Nchi nzima ikasoma. Mbunge mmoja alikuwa amepeleka hesabu ambayo ndani yake ilitajwa kazi ya kusafisha handaki la maji lililozunguka jumba lake. Mwingine aliomba alipiwe kibanda cha bata bwawani kwake, ingawa hilo alikataliwa. Spika alijiuzulu, na baadhi ya wabunge walikwenda gerezani kwa madai ya uongo.

Hatusimulii haya ili tuwacheke Waingereza. Tunayasimulia kwa sababu ya ule mlango wa pili. Mlango wa kwanza, ule wa "yote", ukifungwa hatujui bado aliye ndani ni mtu wa namna gani. Anaweza kuwa mtumishi mwaminifu aliyelemewa, na anaweza kuwa mwizi. Tunamjua kwenye mlango wa pili, pale anapoulizwa jambo moja. Bwana wetu alisema aliye mwaminifu katika lililo dogo sana huwa mwaminifu katika lililo kubwa pia (Luka 16:10), na neno hilo alilisema mara baada ya mfano wa wakili aliyetakiwa kutoa hesabu.

Barua yetu

Sasa tufungue kabati letu.

Miaka kadhaa iliyopita tulihudumu katika usharika mwingine uliokuwa ukijenga kanisa. Washirika watano walituandikia barua. Walitaka vitabu vyote vya fedha tangu ujenzi uanze, mihutasari yote ya vikao vya halmashauri ya usharika, na orodha ya matoleo ya kila mshirika kwa jina. Halmashauri ilikaa, tukakubaliana kwamba ombi ni pana mno. Tulikuwa na sababu nzuri. Mtunza hazina wetu alikuwa mwalimu aliyejitolea, bila mshahara wala msaidizi. Matoleo ya mtu ni siri kati yake na Mungu wake. Tukaandika jibu, tukatia sahihi, na usiku ule tulilala usingizi mzuri.

Usingizi ule ndio unaotusumbua leo. Hatukulala vizuri kwa sababu tulikuwa tumetenda haki. Tulilala vizuri kwa sababu wale ndugu watano walikuwa wameomba yote, na kwa kuomba yote walitupa njia ya kutosema moja.

Jumapili mbili baadaye, baada ya ibada, mama mmoja mzee alitungoja mlangoni. Alikuwa mjane. Katika mnada wa mavuno alikuwa ameleta debe la maharage, na baadaye akatoa fedha pia, kwa ajili ya bati za paa. Alitushika mkono akauliza, "Baba mchungaji, zile bati za mwezi wa saba zilifika?"

Hapakuwa na upana wowote katika swali hilo. Halikuhitaji kabati wala kitabu. Tulilijua jibu. Bati hazikuwa zimefika, kwa sababu fedha zake zilitumika kumlipa fundi aliyekuwa akitudai kazi ya nyuma na kutishia kwenda kwenye sheria. Hakuna aliyeiba. Lakini tulibadilisha matumizi ya fedha iliyotolewa kwa kusudi maalumu, bila kikao, na tulikuwa tunatumaini mavuno yajayo yatafunika jambo hilo kabla mtu hajauliza.

Tukamjibu, "Mama, mambo ya fedha yana utaratibu wake. Yatatangazwa."

Akasema, "Haya, baba," akaenda zake.

Tumefundisha maadili ya Kikristo chuoni kwa miaka. Tumewaeleza wanafunzi habari za uwakili kwa mifano mingi. Siku ile tulimfanyia mjane mmoja vile hasa tunavyoilaumu serikali. Na hatuwezi kusema kosa lilikuwa la swali lake.

Ilituchukua miezi minne kulisema jambo hilo katika mkutano wa usharika. Tulisimama tukaeleza: fedha ya bati ilikuwa kiasi hiki, ilikwenda kwa fundi, hatukuwaomba ruhusa, tunaomba msamaha. Ukumbi ulikuwa kimya. Kisha yule mama akainuka taratibu, akasema, "Basi. Tulitaka kujua tu." Akaketi. Halafu akainuka tena akauliza, "Na misumari je?" Watu wakacheka, nasi tukacheka, na mtunza hazina akajibu swali la misumari palepale, kwa hesabu.

Baada ya mkutano mmoja wa wale watano alitujia akasema amejifunza. Kama angeuliza kama mama yule, angejibiwa mapema. Tungependa kuyakubali maneno hayo, yalikuwa ya heshima. Lakini yasingekuwa kweli. Tulimwambia, "Hapana, ndugu. Mama naye hatukumjibu."

Maswali ya Mungu

Tangu wakati huo tumeyasoma Maandiko tukiyatazama maswali yaliyomo. Mungu, ajuaye yote, angekuwa na haki ya kudai hesabu ya yote. Lakini bustanini anamwuliza Adamu mahali alipo (Mwanzo 3:9). Kwa Kaini anauliza habari za ndugu yake mmoja (4:9). Ni maswali mafupi ambayo mtoto angeweza kuyajibu. Adamu alikuwa amejificha katikati ya miti mingi, na swali lile lilimpata humohumo. Mungu hamlemei mtu kwa maswali. Anamwuliza lile moja ambalo jibu lake litamrudisha mwanga machoni.

Mfalme Yoashi naye alifanya vivyo hivyo. Fedha ya kutengeneza nyumba ya Bwana ilikuwa ikiingia, na katika mwaka wa 23 wa kutawala kwake makuhani walikuwa hawajatengeneza palipobomoka. Mfalme aliwaita akawauliza mbona hawaitengenezi nyumba (2 Wafalme 12). Hakuwaita wezi. Aliuliza juu ya nyufa ambazo kila mtu aliziona. Matokeo yake ni lile kasha lenye tundu kifunikoni lililowekwa karibu na madhabahu, na fedha ikahesabiwa na watu wawili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu. Sura hiyohiyo inasema kwamba mafundi waliopewa fedha hawakudaiwa hesabu, kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Kwa hiyo hata imani ya kutodai ina nafasi yake. Ila ilikuja baada ya kasha kuwekwa mahali pa wazi.

Na mitume, waliponung'unikiwa kwamba wajane wa Wayunani wanasahauliwa katika huduma ya kila siku (Matendo 6), walikuwa na kila sababu ya kusema wana kazi nyingi. Kwa kweli walisema hivyo. Walikataa kuliacha neno la Mungu wahudumu mezani. Lakini kwa pumzi hiyohiyo waliuonyesha mlango mwingine: chagueni watu saba. Na majina yote saba yaliyotajwa ni ya Kiyunani. Wenye malalamiko walikabidhiwa meza yenyewe. Huko ndiko kukataa kwa haki.

Barua mpya

Tulimsimulia kijana wetu habari ya bati na misumari. Ndipo akaketi. Mama mchungaji akaleta chai, nasi tukamwuliza, "Ukiacha hasira, wewe unataka kujua nini hasa?" Alifikiri kwa muda mrefu. Akasema mama yake huamka saa kumi usiku kwenda kuchota maji bondeni, na anataka kujua kama pampu iliyolipiwa ndiyo iliyofungwa.

Tukachukua karatasi. Barua mpya ilikuwa na mistari mitatu. Pampu ya kisima cha kijiji chetu ilinunuliwa ya aina gani na kwa bei gani? Nani aliipokea, tarehe gani? Ilikaguliwa na nani kabla ya malipo? Akaipeleka mwenyewe Ijumaa, na karani aliyeipokea, kwa maneno ya kijana, "alikuwa mtu mzuri tu, amechoka."

Kabla hajaondoka siku ile alituuliza, "Na hii wakiikataa je?" Tulimwambia ya kwamba hapo ndipo tutakapokuwa tumejua kitu, na kwamba sheria ina njia ya rufaa, na hatakwenda peke yake, wazee wawili wa kanisa na sisi tutafuatana naye. Kumtetea mwenye haki asiye na sauti ni sehemu ya amri ileile ya nane. Tunapoandika haya siku 30 hazijaisha.

Lakini hatungeweza kuisubiri ofisi ile ijibu, huku la kwetu limefungwa. Tunakumbuka kufuli la 1766. Mtume Paulo, akiwa mtume, alipochukua changizo la makanisa alihakikisha wengine wanafuatana naye, ili mtu asipate la kumlaumu, akitafuta yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia (2 Wakorintho 8:20-21). Kwa hiyo, kwa idhini ya halmashauri, kuanzia mwezi huu ukutani kwenye mlango wa kanisa letu kuna karatasi moja. Haina majina ya watoaji. Inasema kilichoingia, kilichotoka, na kilienda wapi. Chini yake kuna mstari mtupu wa kuandika swali, na kalamu imefungwa kwa uzi ili isipotee.

Jumapili ya kwanza hakuna aliyeandika. Jumapili ya pili mtu aliandika, kwa mwandiko wa mtoto, "Mpira wa Shule ya Jumapili ulinunuliwa?"

Haukuwa umenunuliwa. Tulimjibu hivyo katika matangazo, kabla ya baraka.